Ng'ombe Sita Juu ya Lori la Omena

Jumatatu, 5 Agosti 1996

Bila mimi Migori haili, haijengi, haikogi. Hilo liandikwe kwanza. Leo kabla ya saa sita: lori la sukari, lori la saruji, lori la omena, dagaa wa ziwani, kutoka Mbita. Yote matatu yameofulodiwa, hakuna mfuko uliobaki ndani. Mimi chini, kidole hewani, vijana kumi na mmoja wanakwenda kama siafu. Siku nikishikwa na homa mji huu utakunywa chai ya chumvi.

Dereva mmoja mgeni, mtu wa Nakuru, akauliza: "Mzee, mbona wewe hupandi juu kusaidia vijana?" Nikamwambia jenerali hakimbii na bunduki. Vijana wakacheka. Opiyo hakucheka. Huyu Opiyo anabeba mifuko miwili ya saruji kwa mpigo na anasema maneno mawili kwa wiki.

Jioni akaja Odhiambo. Mtoto wa marehemu kaka yangu, mwalimu wa shule ya msingi. Mimi ndiye baba yake sasa. Amekonda, shati linamwogelea. Akatoa barua kutoka kwa wakwe zetu, Kosele.

Mke wake Atieno alikwenda kwao mwezi wa sita, na mtoto wao Lilian mgongoni. Tulidhani ni kusalimia tu. Kumbe mama yake amemzuia. Barua inasema Ijumaa tarehe kumi na sita wazee wao watakaa. Ng'ombe wa mahari wakiingia langoni kabla ya jua kutua, vizuri. Jua likitua, Sabato inaingia, kwao hakuna shughuli tena na maneno yamekwisha. Atieno atabaki kwao na mtoto.

Chini kabisa mama mkwe ameongeza kwa mkono wake: "Tumechoka kuchunga ng'ombe walio mdomoni mwa Ogola."

Ogola ni mimi.


Jumanne, 6 Agosti

Uji nimeurudisha chunguni.

Mimi ndiye jagam wa ndoa hii, yaani mshenga. Ndiye niliyekwenda Kosele mara ya kwanza, nikakaa kitini, nikasema. Nilisema vizuri mpaka kuku wakasimama kusikiliza. Niliwaambia ng'ombe wako njiani. Hiyo ni miaka mitatu sasa. Kila wakiuliza, ninajibu wako njiani. Mara moja niliwaambia wamevuka mto. Hawakuuliza ni mto gani.

Odhiambo hajanilaumu. Angenilaumu ningepata nafuu.


Jumatano, 7 Agosti

Kikao cha familia kwangu. Odhiambo ameweka akiba yake tangu aoe, mwalimu hanywi, havuti. Ndugu zetu wamejazia. Ng'ombe sita watapatikana kwa mzee Marwa, upande wa Kuria. Marwa ni mtu wangu. Nilishamwofulodia mahindi mwaka ule wa mvua kubwa, nikaokoa magunia yote, nikaokoa na daraja.

Basi likaja swali la njia. Binamu zetu wawili wakasema watawaswaga kwa miguu, siku nne, wakilala kwa ndugu njiani. Ndivyo ng'ombe wa mahari wanavyokwenda tangu zamani. Nikasimama. Nikauliza: kwani sisi ni watu wa aina gani? Ogola, mkuu wa kuofulodi Migori nzima, ng'ombe wake waende Kosele na vumbi miguuni? Watakwenda kwa lori. Watashuka mbele ya wazee kama waheshimiwa. Kosele haijawahi kuona jambo hilo.

Watu wakapiga makofi. Opiyo alikuwa mlangoni amekuja kuchukua funguo za stoo. Akasema: "Watembee."

Neno moja. Nikampa funguo aende.


Ijumaa, 9 Agosti

Kazi kidogo leo. Lori moja tu la chumvi. Nimekaa kwenye kivuli cha stoo nikafikiri juu ya hili neno letu, ofulodi.

Awino binti yangu yuko kidato cha pili. Alinitafutia kwenye kamusi yake ya Kizungu ya shule. Kamusi inasema ofulodi ni kushusha mzigo. Tena ni kumsukumia mwenzako kitu ambacho wewe hukitaki. Basi, mistari miwili. Nikamwambia hiyo kamusi imechelewa, waje Migori tuwasomeshe.

Hapa kila mtu analo. Muuguzi wa zahanati akitoka chumba cha akina mama anasema: "Ameofulodi salama, msichana." Mlevi akitoka nyuma ya baa akijifuta mdomo, ameofulodi. Mwalimu mkuu anamwofulodia Odhiambo darasa la tatu na la nne pamoja. Padri wetu, mtu mzuri, alituambia Jumapili moja tuje tuofulodi dhambi, naye atatafuta pa kuziweka. Mama Awino, mke wangu, akiniona nimenyamaza huja na kigoda chake, anakaa, anasema: "Haya, ofulodi." Sijui kwa Kizungu wanasemaje mambo hayo yote. Labda hawana.

Mimi ninaofulodi kwenye daftari hili. Nyuma lina jedwali la kuzidisha. Humu hakuna wa kunijibu.

Siku saba zimebaki.


Jumapili, 11 Agosti

Kwa Marwa na Odhiambo. Ng'ombe! Siwezi kusema uongo kwa ng'ombe wale. Fahali mmoja mweusi, nundu kama gunia la nusu. Mitamba watano wanang'aa kama viatu vya polisi. Mmoja mwekundu, mwenye kidoti cheupe kwenye paji la uso, ndiye kiongozi wao. Akisimama, wote wanasimama. Odhiambo alimshika shingo akakaa hivyo. Nikajifanya naangalia mlima.

Marwa akatuonyesha jambo. Akatoa mfukoni bonge la magadi, yale ya ardhini, akalishika kwenye kiganja. Mtamba mwekundu akamfuata mpaka juu ya tuta analopakilia ng'ombe wake, akashuka upande wa pili, akarudi. Wengine wote nyuma. Marwa akasema: "Hawa hawajui fimbo, hawajui kelele. Wanajua hii." Akafunga bonge lile kwenye gazeti akanipa. "Ukifika, usipige. Onyesha tu."

Nikatia kwenye koti. Nikamshukuru kwa adabu. Lakini moyoni nilicheka. Miaka ishirini na mbili ninashusha mizigo, sasa nifundishwe kushusha kwa kutumia chumvi?


Jumanne, 13 Agosti

Lori limepatikana. Mwenyewe ni yule mfanyabiashara wa omena, anapeleka mahindi visiwani na kurudi na omena ya Remba. Alisema kwa Ogola hawezi kukataa. Kweli alisema kwanza "nitafikiria", lakini uso wake ulikuwa unasema hawezi kukataa.

Opiyo na vijana wengine watatu watakuja na sisi. Odhiambo amenyoa ndevu. Leo amekula sahani nzima.


Alhamisi, 15 Agosti

Tumeosha lori mtoni. Maji, majivu, sabuni ya mche, ufagio wa mnazi. Tumesugua mpaka rangi ikaanza kutoka. Omena haikutoka. Paka saba walikaa ukingoni wakitutazama kama ndugu wa marehemu.

Nimerudi na njaa. Mama Awino amepika mrenda. Mrenda wa leo! Laini, unateleza, unashuka kooni wenyewe bila kuitwa. Nimekula mara tatu. Nikamuuliza siri yake. Akasema alikuwa ananyoosha koti langu la safari, akakuta bonge la magadi mfukoni, akaona Mungu amekumbuka mboga yake. Amelitia lote, nusu kwetu na nusu kwa jirani.

Nilipapasa mfuko wa koti. Halafu nikacheka. Magadi ya nini? Ng'ombe watakuwa kwenye lori na mimi nitakuwepo. Kesho.


Ijumaa, 16 Agosti

Asubuhi. Nimevaa suti ya harusi yangu. Inafunga kama nisipovuta pumzi. Tunakwenda kwa Marwa kupakia.

Saa tatu. Wamepanda. Marwa aliwaongoza na magadi, wote sita, kama watoto wa shule. Akaniuliza: "Yako unayo?" Nikamwambia iko mahali salama.

Homa Bay, saa nane. Tairi limetoboka. Fundi anaziba, ananung'unika. Ninaandika nimekaa juu ya jeki. Watu wamejaa kuangalia. Lori linanuka omena, juu yake ng'ombe wanalia. Mama mmoja muuza samaki akaita: "Jaduong', mzee wangu, hao umewavua ziwa gani?" Soko zima likaangua kicheko. Nikamjibu nyavu zangu ni za aina nyingine. Lakini niliona Odhiambo anaangalia jua.

Saa tisa. Bado tairi. Ninaanza kuogopa. Basi, nimeandika.


Jumamosi, 17 Agosti

Nimelala mpaka saa nne. Sasa niandike yote kabla watu hawajaanza kuongeza chumvi. Kuongeza ni kazi yangu.

Tulifika soko la Kosele saa kumi na moja na robo. Soko lilikuwa linafungwa haraka, watu wa Sabato wanashindana na jua. Wanawake wamejitwika makarai, wanakwenda mbiombio. Lori likasimama kuuliza njia. Mtu mmoja wa duka la kushona akaita: "Hao ng'ombe ni wa nani?" Nikasema ni wa Ogola. Akasema: "Ogola ni nani?"

Hilo liliniumiza. Miaka mitatu ninatajwa mji huu, na bado kuna mtu hanijui. Nikaona lazima nionekane. Nikapanda juu ya lori, juu kabisa, kwenye vile vyuma vya kufungia turubai. Opiyo alinisukuma kidogo kutoka chini. Nikasimama hapo na suti yangu na kofia yangu, ng'ombe chini yangu, upepo usoni. Hivyo ndivyo tulivyoingia kwa wakwe. Watoto walikimbia nyuma. Kama kungekuwa na picha, ningeiweka hapa.

Lori halikuweza kupita langoni. Lakini nje ya ua kuna tuta la udongo waliloacha wakichimba mfereji. Dereva akarudi kinyumenyume mpaka pale. Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Kutoka sakafu ya lori mpaka tuta palibaki kiasi cha kimo cha kiuno. Ng'ombe anaruka hapo bila kufikiri.

Wazee saba kwenye viti. Odhiambo amesimama mbali, karibu na mti wa lango, maana hatakiwi kusogeleana na mama mkwe wake. Atieno mlangoni mwa jikoni, Lilian kiunoni. Nilimwona Atieno anamwona Odhiambo. Nikaangalia pengine.

Nikatangaza kutoka juu. Maneno mafupi, labda dakika kumi. Halafu nikainua kidole: "Ofulodi!"

Mtamba mwekundu akasogea mpaka ukingoni. Akanusa. Akaangalia tuta. Akarudi nyuma. Wote wakarudi nyuma.

Vijana wakasukuma. Wakavuta mkia. Wakapiga miluzi, wakaita kwa Dholuo, wakaita kwa Kiswahili, mmoja akajaribu Kizungu. Opiyo akaweka bega. Mtamba mwekundu akalala chini. Akakunja miguu, akatulia, akaanza kucheua kama mtu aliyefika kanisani mapema. Fahali naye akalala.

Mzee mmoja wa kwao, mwenye fimbo nyeupe, akasema: "Ogola, hawa wamesikia wako njiani miaka mitatu. Sasa hawaamini kama wamefika."

Walicheka wote. Nami nilicheka. Lakini jua lilikuwa limeshuka mpaka usawa wa paa la nyumba ya jirani. Mzee mmoja akatoa saa mfukoni. Mwingine akafungua Biblia akaiweka gotini, bado hajasoma, anangoja. Wanawake walikuwa wamekwisha kufunika vyungu. Odhiambo alikuwa ameshika mti wa lango kwa mikono miwili. Sijawahi kuona mtu ameshika mti hivyo.

Kijana mmoja akachukua fimbo. Nikapiga kelele asipige. Nilikumbuka uso wa Marwa.

Ndipo Opiyo akainua kichwa akanitazama kule juu. Akasema: "Magadi."

Ua mzima ukaniangalia. Ningeweza kusema yameibiwa Homa Bay. Ningeweza kusema yalianguka mtoni tukiokoa mtoto. Maneno yalikuja mengi, yakajipanga mlangoni. Nikaangalia jua. Hakukuwa na nafasi ya hata moja.

Nikasema: "Nimeyala. Jana. Na mrenda."

Kicheko kikaanzia jikoni, kicheko cha wanawake, kikaenea mpaka kwa wazee, yule wa Biblia akaifunga ili acheke vizuri. Walicheka mpaka mbuzi wakakimbia. Mtu akauliza: "Wote sita ulikuwa unataka kuwashusha na mboga?"

Mama mkwe hakucheka. Mama Atieno, yule wa barua. Aliingia jikoni, akatoka na bonge la magadi yake ya kupikia mrenda, kubwa kama ngumi. Akaja moja kwa moja kwenye tuta. Wanaume wetu wote wakageuza nyuso pembeni, ndiyo adabu, mtu hamkodolei macho mkwewe. Mimi niko juu, mbele yake kabisa, sina pembeni. Nikaangalia mbinguni. Nilikaa nikiangalia mbinguni mpaka shingo ikauma. Mawingu yalikuwa mekundu. Nilisikia tu.

Nilisikia mtamba anasimama. Nilisikia pua inanusa. Kisha puu! Kwato kwenye udongo. Kisha puu, puu, puu, puu, na mwisho puu kubwa, fahali. Nikashusha macho. Mama Atieno alikuwa anaingia langoni mwake, mkono nyuma, kiganja wazi, na ng'ombe sita wanamfuata kwa mstari. Jua lilikuwa bado na kipande chembamba kama ukucha.

Vigelegele! Sijawahi kusikia vigelegele vile, hata kwenye harusi yangu mwenyewe. Odhiambo aliachia mti.

Wakaita: "Ogola, shuka tukusalimie." Wazee wamesimama wananingoja. Basi nikaona vema kushuka kwa magoti. Kwa heshima. Niliingia kwanza ndani ya lori, nikafika ukingoni, nikageuka, nikapiga magoti, nikashuka kinyumenyume taratibu, tumbo kwenye mbao, miguu ikitafuta tuta. Opiyo alinishikia vifundo vya miguu, naye kwa heshima. Hatua ya mwisho nilibaki kwa magoti palepale kwenye udongo, suti na yote. Niliona pumzi inahitaji kutulia.

Mara Mama Atieno akapiga kigelegele kimoja, kirefu, peke yake. Akasema akiwa amegeukia nyumba, si mimi: "Miaka mitatu mtu huyu anakuja kwangu kifua mbele. Leo amekuja kwa magoti, mbele ya wazee, na amesema ukweli wa mrenda. Mimi sina neno tena. Sabato ikipita, Atieno, sasa ni mtoto wenu, atarudi kwake."

Wazee wakaniinua kwa mikono. Mmoja alinifuta vumbi. Kisha jua likazama na wakaanza wimbo wa kufungua Sabato, na sisi tulisimama na kofia mikononi, hata mimi Mkatoliki. Wakatufungia chakula kwenye kikapu, kuku mzima na wimbi. Hatukulala, si desturi kulala kwa wakwe. Tukaondoka.

Njiani Odhiambo alikaa nami mbele. Alinishika mkono mpaka Rongo, kama alivyokuwa akinishika akiwa darasa la kwanza, nilipompeleka shule.


Jumapili, 18 Agosti

Wamefika na basi la saa nane. Atieno, Lilian, kuku wawili, na mfuko wa viazi kutoka kwa mama yake. Stendi nzima iliona. Nilibeba kikapu mwenyewe.

Lilian hanikumbuki. Nilimwonyesha meno, akalia. Nikamwonyesha kofia, akacheka. Sasa anayo yeye.

Atieno ameleta habari. Jana baada ya ibada, Kosele yote ilikuwa inazungumza jambo moja. Si lori. Si ng'ombe. Ni magoti ya Ogola. Kuna kijana wa upande wa Kendu Bay anatakiwa kuleta mbuzi wa wakwe huko mwezi ujao. Wazee wamemwambia aje kama watu wa Migori wanavyokuja, kwa magoti. Ametuma mtu kuuliza ni kuanzia lango au kuanzia barabara.

Nilimwambia Atieno ni desturi yetu ya zamani sana. Babu yangu alikuwa anashuka hivyo hata kwenye baiskeli.

Odhiambo alicheka mpaka akalazimika kukaa. Sijamsikia akicheka tangu mwezi wa sita. Alikuwa amekaa, mtoto mapajani amevaa kofia yangu mpaka puani, mkewe anamenya viazi. Nilikaa nao mpaka nikaona ninazidi. Nikaondoka bila kusema neno. Watu walishangaa.


Jumatatu, 19 Agosti

Lori la saruji, saa mbili. Dereva ni yule wa Nakuru. Mifuko yote imeshuka kabla ya chai. Nilisimama chini. Hakuniuliza tena.

Opiyo alipita na mifuko yake miwili, akanitazama, akatikisa kichwa kidogo tu. Hajamwambia mtu. Nimempa nusu ya kuku wa Kosele.

Mama Awino ameshona goti la suruali ya suti. Kiraka kimekaribia rangi yake. Anasema kwa mbali hakionekani. Alipomaliza akaja na kigoda chake, akakaa. Hakusema "ofulodi". Alikaa tu. Nikaongea habari za bei ya viazi.

Kwa hiyo niweke hapa.

Kupanda sikupata shida, kwa sababu mtu akipanda macho yanaangalia juu. Ni kushuka. Tangu nikiwa kijana wa kazi, siku ya kwanza kabisa pale stendi, nilisimama juu ya magunia, nikaangalia chini, magoti yakaisha. Watu walidhani nimechoka. Siku ya pili nikasema afadhali nisimame chini nielekeze. Nikapaza sauti. Wakanifanya mkuu. Miaka ishirini na mbili.

Pale Kosele sikupiga magoti kwa heshima. Palikuwa kimo cha kiuno. Mtamba aliruka. Fahali mzito vile aliruka. Mimi niliogopa.